Jina la Mwisho Kila Ghorofa

Jengo lile lina ghorofa nne juu ya ile ya chini, na wakazi wake wote humwita msimamizi wao Baba Kengele. Mkewe walimwita Mama Cherehani. Wawili hao hawakujaliwa mtoto, lakini ubaba na umama waliupata hivyo hivyo, mmoja kwa kengele na mwingine kwa cherehani, na hawakuwahi kulalamika.

Kengele ndizo zilizomleta pale. Zamani, ukutani kando ya mlango mkubwa, kulikuwa na vitufe ishirini na vitatu vya shaba, na kila kitufe kilikuwa na waya wake uliopanda mpaka kwenye chumba cha mtu. Kazi ya Baba Kengele ilikuwa kuhakikisha hakuna waya unaokatika. Alikuwa na sikio la ajabu. Angeweza kuwa amejilaza, kofia usoni, kengele ikalia mbali huko juu, naye akasema bila kufumbua macho, "Hiyo ni ya tatu, mlango wa pili. Panya wameshaanza kuula waya wake."

Kisha mwenye jengo akaleta kioo. Vitufe vikang'olewa, mashimo yakazibwa kwa saruji, na mahali pake pakawekwa kioo kipana kama sinia, unachokigusa kwa kidole. Mgeni anachagua ghorofa, majina yanashuka moja chini ya jingine kwa mpangilio wa vyumba, anagusa jina analolitaka, na simu ya ukutani inalia chumbani kwa mwenyewe. Asiyejua ghorofa anaandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia. Fundi aliyekileta alikifunga siku mbili, akapokea shukrani, akaondoka. Miezi michache baadaye mpangaji mmoja akahama na jina lake likabaki kwenye kioo, maana fundi hapatikani kwa simu wala kwa maombi. Miezi saba wageni wa aliyehama walikuwa wakimwamsha aliyehamia.

Hapo ndipo Baba Kengele, akiwa na miaka hamsini na minne na miwani yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, aliponunua daftari la hesabu, lile la miraba, akaanza kujifunza JavaScript, lugha inayoendesha kurasa za mtandao, na kioo kile pia. Hebu fikiria! Mtu aliyeacha shule akiwa bado hajafika aljebra. Alitazama video, akachapisha karatasi, akaandika daftarini kwa herufi kubwa, akafuta, akaandika tena. Mkewe alikuwa akishona upande wa pili wa chumba.

"Mume wangu, unaongea na nani?"

"Na mabano."

"Yanakujibu?"

"Yananitukana tu."

"Basi yameshakuzoea," alisema Mama Cherehani, akakanyaga pedali, na mashine ikaendelea.

Ukurasa wa kwanza wa daftari lile alichora masanduku. Sanduku moja kubwa, ndani yake masanduku madogo matano. Kubwa ni jengo, madogo ni ghorofa, na ndani ya kila sanduku dogo kuna majina, yamepangwa kama watu kwenye foleni. Ukiyaandika kwa lugha ile yanakuwa mabano ya mraba ndani ya mabano ya mraba. Na kuna jambo lililomshangaza mpaka akampigia mkewe kelele aje kuona: kompyuta haianzi kuhesabu na moja. Inaanza na sifuri. Wa kwanza kwenye foleni ni sifuri, wa pili ni moja.

"Kwa hiyo sisi tunaokaa chini ni ghorofa ya sifuri?" aliuliza Mama Cherehani.

"Ndiyo."

"Miaka yote hii nilikuwa nahisi."

Katika sanduku la ghorofa ya sifuri, jina la mwisho kabisa kwenye foleni lilikuwa lake, Mama Cherehani. Juu yake lilikuwepo la mumewe. Majina mawili kwa sababu wateja wa nguo walikuwa wengi, na Baba Kengele hakutaka kila mwenye suruali ya kupunguzwa ampitie yeye.

Mama Cherehani aliugua wiki mbili. Alipofariki, kipande cha kitambaa kilikuwa bado kimebanwa na sindano ya cherehani, mshono umefika katikati.

Miezi minane ilipita, na jina lake likabaki kwenye kioo. Si kwamba Baba Kengele alisahau. Kila alipokaa mbele ya kompyuta kulifuta, alijikuta anafanya kazi nyingine. Lakini simu ya ukutani ilikuwa haimpi nafasi.

"Mama! Ni mimi wa gauni la zambarau!"

"Mama hayupo."

"Atarudi saa ngapi?"

Swali hilo. Wengine walikuwa wamesafiri muda mrefu, wengine walihama mtaa, hawakusikia. Ikambidi aseme, tena na tena, kupitia kile kidude cha plastiki kilichokuwa na alama ya mafuta ya nywele za mkewe. Wengine walilia pale mlangoni, naye akatoka kwenda kuwabembeleza, yeye mfiwa, amesimama na viatu vya ndani akimpigapiga begani mtu asiyemjua. Siku moja bibi mmoja alilia kwa muda mrefu hivi kwamba Baba Kengele alimletea kiti.

Ijumaa moja akasema basi.

Lakini kabla ya Ijumaa kulikuwa na Alhamisi, na Alhamisi hiyo Bibi Posta alishuka ngazi.

Bibi Posta anakaa ghorofa ya nne, chumba cha mwisho wa ukumbi, dirisha lake linatazama uani. Alifanya kazi posta miaka thelathini na mmoja akipanga barua. Magoti yake yaligoma zamani, kwa hiyo kushuka kwake ni safari: anapumzika kila ghorofa, anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anasalimiana na kila mlango. Alipofika chini Baba Kengele alikuwa anapangusa kioo.

"Shikamoo, Bibi Posta. Umeshuka mwenyewe? Si ungenipigia tu nikupandie?"

"Marahaba. Nikupigie ya nini? Nataka kuona kwa macho yangu. Jina langu liko wapi humu?"

Baba Kengele akagusa ghorofa ya nne. Majina yakateremka, na la mwisho kabisa, chini pale, likatulia: Bibi Posta.

"Hilo hapo. Haliendi popote."

"Una hakika?"

"Bibi, mimi ndiye niliyeliandika."

Bibi Posta akatoa kadi mfukoni mwa sweta. Alikuwa ameishika sana mpaka pembe zimelainika. "Jumamosi nina mgeni," akasema, na akampa aisome, jambo ambalo mtu wa posta halifanyi hovyo.

Kadi ilitoka kwa mdogo wake wa kiume. Alimlea mwenyewe huyo, tangu ana miaka sita. Miaka tisa iliyopita hakufika kwenye maziko ya mama yao, na siku alipotokea, dada mtu alimwambia maneno ambayo hata yeye mwenyewe hapendi kuyakumbuka. Akaondoka. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, leo huku kesho kule. Binti wa shangazi yao alikutana naye njiani, kwenye kituo cha mafuta, akamwambia dada yake anakaa wapi siku hizi na watu wanamwitaje. Hiyo kadi ndiyo ilikuwa neno lake la kwanza kwa miaka yote hiyo: *Dada, Jumamosi ya wiki ijayo napita na lori. Saa nne asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Usipojibu nitaelewa, na sitakusumbua tena.*

"Hakuweka namba ya simu?"

"Huyu? Kichwa chake ni jiwe. Kimetoka kwangu." Bibi Posta akairudisha kadi mfukoni. "Mimi sitakwenda popote. Nitakaa kando ya simu. Wewe angalia tu kioo chako kisiniangushe."

"Hakikuangushi, Bibi."

Akampa mkono mpaka ghorofa ya kwanza, halafu simu yake ya ukutani ikalia chini, mteja wa shati la kaki, na ikabidi arudi kujibu kwamba mama hayupo.

Ijumaa mchana, basi, Baba Kengele alifungua kompyuta. Angeweza kulifuta jina moja kwa mkono, ni kazi ya dakika. Lakini kwa mkono maana yake ni kuweka kidole nyuma ya herufi ya mwisho ya jina la mkewe na kuzila moja moja mpaka liishe, na hilo aliliona haliwezi. Afadhali aandike maelekezo, mashine ifanye yenyewe, yeye akiangalia pembeni. Pia aliwahi kumwandika mkewe ghorofa ya pili kwa muda, wakati chumba chao kinapakwa rangi, na hakukumbuka kama jina lile alilitoa. Kwa hiyo aliamua mashine ipite masanduku yote matano.

Maelekezo yenyewe ni mafupi, na mtu yeyote anayaelewa. Fungua sanduku la kwanza. Tafuta jina la Mama Cherehani liko nafasi ya ngapi kwenye foleni. Ukishapewa nafasi hiyo, kata jina moja hapo. Funga, nenda sanduku la pili. Fanya hivyo hivyo mpaka la tano.

Akabonyeza. Akatoka nje, akasimama mbele ya kioo, akagusa ghorofa ya chini. Jina la mwisho sasa lilikuwa lake yeye. Chini yake hapakuwa na kitu, weupe mtupu.

Hakugusa ghorofa nyingine hata moja. Azitazame za nini? Alirudi chumbani akakaa kitandani. Jioni nzima simu ya ukutani haikulia. Alidhani atapumua, lakini alijikuta anaisikiliza jinsi isivyolia.

Jumamosi ni siku yake ya mapumziko. Zilibaki nguo tatu ambazo wenyewe hawakuzifuata: gauni la zambarau, suruali moja ya shule na pazia la maua. Alizikunja, akazitia kwenye mfuko, na kabla ya saa tatu asubuhi alishatoka kuzipeleka kwa miguu, akifuata anwani ambazo mkewe aliziandika kwa chaki nyuma ya kabati. Mwenye gauni alilipokea mlangoni, akaligeuza, akakuta pindo halijamaliziwa.

"Hakumaliza," alisema Baba Kengele.

"Nitalivaa hivi hivi," alisema yule mwanamke.

Aliporudi ilikuwa saa tisa, miguu imevimba. Fundi Saa wa ghorofa ya kwanza, mtu mwembamba mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Baba Kengele, hivi mimi nimekufa?"

"Kwa nini?"

"Mteja wangu ananiambia kioo chenu kinasema sipo. Nimejipapasa mwili mzima, nikajikuta nipo!" Akacheka, halafu akakumbuka anazungumza na nani, akakikatisha kicheko. "Nisamehe, kaka. Mdomo wangu huu."

"Hamna neno. Ngoja nikurudishe duniani."

Kweli, jina la Fundi Saa halikuwepo. Baba Kengele alidhani umeme uliruka. Akaliandika upya kwa mkono, akalala.

Jumapili ikaja zamu ya Baba Pacha wa ghorofa ya pili, ambaye watoto wake wawili husikika mpaka mtaa wa nyuma.

"Na kelele zote zile, kioo kinathubutu kusema sipo? Kina masikio kweli?"

"Kina matatizo kidogo. Nakitengeneza."

"Halafu jana mbona hukuwepo? Kulikuwa na mtu amekaa hapo ngazini. Nimempita natoka, nimempita narudi, yupo tu, ameshika mfuko wa karatasi. Nikadhani ni mteja wa marehemu."

"Labda," alisema Baba Kengele. Na moyoni alishukuru kidogo kwamba hakuwepo, kwamba kwa mara ya kwanza hakuulizwa yeye. Shukrani hiyo ilikuja kumsuta baadaye kuliko kosa lenyewe.

Jumatatu mchana, Muuguzi wa ghorofa ya tatu alirudi kutoka kazini amechoka, sare yake ina wino mfukoni. "Baba, jina langu limepotea. Wameniletea dawa za mama, wakarudi nazo."

"Pole, mwanangu. Naliandika sasa hivi."

Akaketi kuliandika. Na ndipo alipoona. Jina la Muuguzi lilikuwa la kuwekwa mwisho kabisa wa foleni ya ghorofa ya tatu. La Baba Pacha aliliweka mwisho wa ya pili. La Fundi Saa, mwisho wa ya kwanza. Umeme ukiruka hauchagui mtu wa mwisho wa kila ghorofa.

Alifungua daftari la miraba, akarudi nyuma kurasa nyingi, mpaka mahali alipoandika habari za amri ya kutafuta. Pale, kwa mkono wake mwenyewe, kulikuwa na mstari uliopigiwa chini mara mbili: *Ikikosa, hujibu hasi moja.* Yaani ukiiuliza mtu fulani ni wa ngapi kwenye foleni, na mtu huyo hayumo, haikuambii hayumo. Inakupa namba, hasi moja, kama ishara tu. Lakini amri ya kukata haijui habari za ishara. Kwake hasi moja ni mahali: maana yake anza kuhesabu kutoka nyuma. Wa kwanza kutoka nyuma. Wa mwisho.

Kila ghorofa ambayo mkewe hakuwemo, mashine ilimtafuta, ikamkosa, na ikamkata mtu wa mwisho.

Baba Kengele aliinua kidole akahesabu. Ghorofa ya kwanza, amelalamika. Ya pili, amelalamika. Ya tatu, amelalamika. Ghorofa zilizo juu ni nne.

Wa nne hakulalamika kwa sababu hakuna anayemtafuta. Hakuna, isipokuwa mtu mmoja, Jumamosi, saa nne asubuhi.

Kioo kile kina kumbukumbu yake, orodha ndefu ya kila kidole kilichokigusa, na saa. Aliifungua. Jumamosi. Saa nne kasoro dakika mbili, mtu alifungua ghorofa ya nne. Akafunga. Akafungua tena. Saa nne na dakika tano, mtu aliandika *posta* kwenye kisanduku cha kutafutia: hapatikani. Saa nne na robo, *bibi posta*: hapatikani. Kisha ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza, zote moja baada ya nyingine, kama mtu anayepita milango akichungulia. Halafu *posta* tena. Mara ya mwisho ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Na katikati ya mistari ile kulikuwa na mingine, ya Jumamosi, ya Jumapili, ya asubuhi ile ile. *Cherehani*: hapatikani. *Mama cherehani*: hapatikani. Kumbe waliendelea kuja. Kioo ndicho kilichokuwa kinawajibu sasa, kwa neno moja, bila kutoka nje na kiti.

Alipanda ngazi zote bila kupumzika. Mlango wa Bibi Posta ulikuwa wazi nusu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kilichosogezwa mpaka kando ya simu ya ukutani, na mezani kulikuwa na vikombe viwili vimepinduliwa juu ya visahani, vimeanza kushika vumbi.

"Bibi, mgeni wako alikuja."

Bibi Posta hakugeuka haraka. "Alikuja lini?"

"Jumamosi. Jina lako halikuwepo kwenye kioo. Nililifuta mimi, Ijumaa. Sikukusudia."

Uani mtu alikuwa anakung'uta zulia.

"Siku tatu nimekaa na hii simu," alisema Bibi Posta. "Jumamosi nilisema amechelewa. Jumapili nikasema lori limeharibika. Leo asubuhi nikasema haya, amenilipizia, tuko sawa sasa. Na kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Nieleze kosa lenyewe. Usinizungushe."

Akamweleza, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Masanduku, foleni, hasi moja. Bibi Posta alisikiliza kichwa kimeinama, na alipofika kwenye kukata mtu wa mwisho alimkatisha.

"Kwetu posta, barua ikikosa mwenyewe inawekwa rafu ya pembeni. Hatuendi kwenye kisanduku cha mwisho tukachukua barua ya mtu tukaitupa, eti kwa sababu tuliyemtafuta hatukumwona. Hiyo mashine yako haina rafu ya pembeni?"

"Inayo. Ni mstari mmoja tu: kama umemkosa, usikate. Mimi ndiye sikuuweka."

"Na ulikuwa unamtafuta nani kwa bidii yote hiyo?"

Baba Kengele akatazama vikombe. "Mke wangu. Nilitaka kumtoa."

Bibi Posta hakusema pole. Akamwonyesha kitanda akae, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Kisha akauliza, "Alikaa sana?"

"Mpaka saa sita kasoro dakika ishirini."

"Kioo ndicho kinakwambia?"

"Ndiyo. Alijaribu mara kumi na moja."

"Kumi na moja." Alirudia kama anayeonja. "Huyu mtoto hakuwa na subira ya kusubiri hata chai ipoe. Mara kumi na moja!" Na macho yake yakajaa, na Baba Kengele, aliyezoea kubembeleza watu mlangoni, hakujua aweke wapi mikono.

Kisha Bibi Posta akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akavuta droo, akatoa kioo cha kukuzia. Akaiweka kadi chini ya mwanga wa dirisha, akakagua muhuri wa posta. Muhuri wenyewe ulikuwa umefifia, wewe au mimi tungeona doa tu. Yeye aliona ukingo wa duara, tarakimu mbili, na pengo dogo upande wa kushoto.

"Muhuri huu una jino limevunjika. Naujua. Ni wa posta ndogo iliyoko ndani ya yadi ya malori, njia ya kaskazini. Barua zao nilizipanga mimi." Akainua kichwa. "Chukua kalamu."

Waliandika barua mbili. Ya Bibi Posta ilikuwa fupi, na hakumwonyesha mtu. Ya Baba Kengele ilisema: *Mimi ndiye msimamizi wa jengo. Jina la dada yako nililifuta mimi kwa makosa, siku moja kabla hujafika. Yeye hakuwa na habari. Alikaa kando ya simu siku tatu, na vikombe viwili mezani. Tafadhali usielewe ulivyoelewa.* Zote zikaingia bahasha moja, nje wakaandika yadi ile, dereva wa lori, na jina ambalo dada yake alimwita utotoni.

Siku hiyo hiyo Baba Kengele alirudisha jina la nne mahali pake, akauweka na ule mstari uliokosekana, akaunakili daftarini kwa wino mwekundu.

Wiki zikapita. Kila asubuhi, kabla ya kupangusa kioo, aligusa ghorofa ya nne, jina la mwisho.

"Nani?"

"Mimi, Bibi. Najaribu kama inalia."

"Inalia. Barua je?"

"Bado."

"Haya."

Mazungumzo yalikuwa hayo tu, na kwa siku nyingi ndiyo pekee aliyokuwa nayo Baba Kengele. Wateja wa nguo walizidi kupungua. Cherehani alilifunika kwa pazia la zamani, halafu akalifunua tena, maana lilipofunikwa lilionekana kama mtu aliyekaa ameinama.

Wiki ya sita kadi ilikuja, yenye muhuri wa jino lililovunjika. *Jumamosi. Saa ile ile.*

Jumamosi hiyo hakwenda popote. Alichukua kigoda alichokuwa akikalia mkewe wakati wa kupiga pasi, akakiweka ndani ya mlango, upande wa kivuli, ambako mtu wa nje hamwoni. Saa nne kasoro kidogo akaja mtu mnene, viatu vina vumbi la njia, mkononi ana mfuko wa karatasi. Akasimama mbele ya kioo. Hakukigusa. Alikuwa anakitazama kama mtu anavyotazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

Baba Kengele angeweza kumfungulia. Angeweza kutoka, kumpa mkono, kumwomba radhi, kumwongoza juu. Alibaki palepale kigodani.

Kidole kikapanda. Ghorofa ya nne. Majina yakashuka. Yule mtu akainama kusoma la mwisho, akaligusa.

Mbali huko juu simu ikalia, ikakatwa katikati ya mlio wa kwanza.

"Panda," ilisema sauti ya Bibi Posta kwenye kioo, kali na yenye kutetemeka. "Unasimama nini hapo? Chai inapoa."

Mlango ukajifungua. Yule mtu akapita haraka, bila kuona kigoda wala aliyekikalia, na hatua zake zikasikika zikipanda ngazi mbili mbili kama za mtoto. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba Kengele, kwa lile sikio lake, alizifuata mpaka mwisho wa ukumbi wa juu, mpaka mlango ulipofunguka na kufungwa. Baada ya hapo hakuna kilichosikika.

Alibeba kigoda akarudi chumbani. Akaketi mbele ya kompyuta, akafungua kumbukumbu ya kioo. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa dakika chache zilizopita: *Bibi Posta, amejibu.* Alipoona hivyo alitabasamu peke yake. Kisha akauona mwingine chini zaidi, wa saa mbili asubuhi, alipokuwa anapangusa ngazi za nyuma. *Cherehani*, aliandika mtu fulani. *Hapatikani.*

Akausoma mara mbili. Akavua miwani yenye mkono wa uzi, akaiweka juu ya daftari, na akakaa hivyo, ukuta wa pili ukiwa na simu isiyolia.